Majani ya Kilima cha Tak

Kwanza tuliweke sawa hili la majani nyweleni. Yalikuwepo. Bi Hwayeon mwenyewe hajawahi kuyakana, na asingeweza, maana alishuka nayo kijijini mchana kweupe, yamemjaa kichwani na mgongoni kama kuku aliyelala kichakani. Lakini kwamba yalimwingia kwa namna ile inayosimuliwa na wanawake wa Darakgol wakicheza karata, huo ni uzushi. Na kwamba mjane wa Nyumba Kuu ya ukoo wa Pyo alipanda kilima cha Tak kutafuta mume, huo ni uzushi mkubwa zaidi, na aliyeutunga atatajwa humu kwa jina, kwa kuwa yeye naye hakumsitiri mtu.

Wazee wa ukoo wamekubali habari hii isemwe yote. Mzee Gyusik alitoa sharti moja tu: maelezo yake kuhusu upepo yaandikwe kamili, yasipunguzwe hata kidogo. Yameandikwa. Mtayakuta huko mbele.

Seok Hwayeon aliolewa Nyumba Kuu akiwa msichana aliyesomea kemia. Mama mkwe wake alizipokea habari hizo kama mtu anayeambiwa bibi harusi ana kengeza: si kosa la mtoto wa watu, ila si jambo la kutangaza. Hwayeon alifundisha kemia katika shule ya wasichana mjini mpaka akastaafu, na kila aliporudi nyumbani alivua koti la mwalimu akavaa aproni ya mkwe mkubwa. Alijifunza kwamba katika meza ya wahenga samaki hukaa mashariki na nyama magharibi, na kwamba kichwa cha samaki kikigeuzwa vibaya kuna mzee atakayekumbuka jambo hilo mpaka aingie kaburini. Mumewe, mwana wa kwanza wa mwana wa kwanza wa mwana wa kwanza, alikuwa mtu mpole aliyependa besiboli, na akafa akiitazama. Mama mkwe alikuwa ametangulia. Kabla hajafumba macho alimwekea Hwayeon mkononi ufunguo wa ghala, chuma kirefu kama kidole cha mtu mzima, akasema, "Usimpe Malsuk."

Malsuk ni dada mdogo wa marehemu mumewe, yaani wifi. Ndiye huyo niliyesema atatajwa.

Ufunguo ule si wa kufungulia mchele tu. Anayeuvaa kiunoni ndiye mama wa Nyumba Kuu. Ndiye anayeamua nini kipikwe siku za matambiko, nani akae jikoni na nani atumwe kuosha vyombo. Malsuk, aliyeolewa palepale kijijini, alikuwa ametumwa kuosha vyombo tangu enzi za mama yake. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa mti. Mbele ya ukumbi wa wahenga umesimama msonobari mwekundu, mzee, umepinda kiuno, na ukoo mzima unauita Babu. Kila sikukuu ya mavuno majani yake membamba hutandikwa ndani ya chungu cha mvuke, na juu yake hupangwa songpyeon, mikate midogo ya mchele iliyofinyangwa kama nusu mwezi. Majani huizuia mikate isigandane na kuitia harufu ya msitu. Nyumba nyingine hutandika majani ya msonobari wowote. Ukoo wa Pyo hutandika ya Babu tu. Imekuwa hivyo tangu zamani, na wazee husema wahenga wakiletewa mkate wenye harufu ya mti mwingine hugeuka na kuondoka, tumbo tupu.

Kisha ugonjwa wa misonobari ukaingia wilayani, ule wa kiminyoo kinachosafirishwa na mbawakawa. Miti ikaanza kukauka mgongo mmoja wa mlima baada ya mwingine, ikawa na rangi ya kutu. Wazee wakaenda wenyewe kuomba Babu atibiwe. Majira ya baridi mafundi walikuja na keekee, wakatoboa shina matundu madogo, wakaingiza dawa. Mzee Gyusik alipiga picha akiwa ameushika mti mkono kama anayemtazama mgonjwa hospitalini. Mafundi wakafunga kibati cha njano: majani yasiliwe kwa miaka miwili.

Kibati hicho kila mtu alikiona. Ila kukisoma ni Hwayeon peke yake.

Sikukuu ilipokaribia alimfuata Mzee Gyusik, mdogo wa marehemu baba mkwe wake na mkubwa wa wazee waliobaki. Alimkuta barazani akiipuliza vumbi kofia yake ya manyoya ya farasi.

"Baba mdogo, mwaka huu majani ya Babu hayafai. Naomba tutandike kitambaa cheupe."

"Kitambaa?" Mzee akaiweka kofia chini. "Wahenga waseme tumewachemshia soksi?"

"Mti umetiwa dawa. Dawa inapanda na maji ya mti mpaka kwenye majani."

"Dawa ya nini?"

"Ya kuua wadudu."

"Mimi ni mdudu?"

"Hapana, baba mdogo."

"Marehemu baba yangu, ni mdudu?"

"Hasha."

"Basi dawa hiyo haituhusu." Akaiokota kofia. "Msonobari ni dawa yenyewe, mkwe. Babu zangu walikula majani yake mwaka wa njaa wakabaki na meno yote. Nyie wa shuleni mnasemaje?"

Hwayeon alisema ukweli, kwa kuwa kwenye kemia hajawahi kudanganya. Alisema majani ya msonobari mwekundu yana mafuta mepesi, ndiyo yanayonukia, yana ukakasi kama wa chai, yana vitamini, na yana viini vinavyouzuia mwili kuchakaa upesi, kama rangi inavyozuia chuma kisiliwe na kutu.

"Si umeona!"

"Hayo yote yamo, baba mdogo. Na sasa dawa ya mbawakawa nayo imo. Kimoja hakikifukuzi kingine."

"Ningeinusa."

"Haina harufu."

"Kila kitu kina harufu!"

"Basi ninunue majani sokoni."

Hapo Mzee Gyusik alisimama kabisa. "Majani ya sokoni! Ya ukoo gani? Baba yao nani? Sikiliza, mkwe. Ukinitandikia majani ya mti mwingine nitajua. Nifunge kitambaa usoni, nitajua. Pua hii inaunusa mti ule tangu nikiwa nanyonya."

Hwayeon akaitazama pua. Ilikuwa kubwa, hilo halina ubishi. Aliinamisha kichwa kwa heshima, akasema, "Ndiyo, baba mdogo," na wanafunzi wake wa zamani wangemwambia mzee yule kwamba mwalimu Seok akisema ndiyo kwa upole namna ile, kuna jaribio linaandaliwa.

Tatizo lilikuwa wapi pa kuchuma. Misonobari yote ya Darakgol ilikuwa na vibati vya njano, isipokuwa ya kilima kimoja. Na kilima chenyewe ndicho kile.

Ukoo wa Tak na ukoo wa Pyo hawasalimiani kwa sababu ya kaburi. Zamani za wafalme watu wa Tak walimzika babu yao juu kidogo ya kaburi la babu wa Pyo, mteremko uleule, hivi kwamba babu yao amekaa juu ya kichwa cha babu yetu mpaka leo. Kesi ilipelekwa kwa hakimu wa mfalme, ikapelekwa na kwa mahakimu waliofuata, na kila hakimu alikufa au alihamishwa. Bongchul, mjane mwanamume aliyebaki akikitunza kilima cha Tak, hakuwaruhusu mafundi wa wilaya kukanyaga pale, akidai watasogeza mpaka. Kwa hiyo misonobari yake haikuguswa. Mbawakawa nao, sijui kwa hofu au kwa adabu, walikuwa bado hawajafika.

Hwayeon alipanda baada ya chakula cha mchana, saa ambayo Darakgol yote hulala. Alivaa suruali ya maua ya kwendea shambani, kofia pana yenye kitambaa kinachoshuka mpaka mabegani, na miwani ya jua. Kwa mavazi hayo wanawake wote wa kijiji ni mtu mmoja. Alipanda juu ya jiwe, akavuta tawi, akaanza kujaza mfuko.

"Wewe shangazi! Miti hiyo ina mwenyewe!"

Hwayeon hakugeuka. Alikunja mgongo na kuikwaruza sauti kama ajuza. "Nimepotea, mwanangu. Nilikuwa natafuta uyoga."

"Uyoga juu ya tawi?"

"Macho yamekwisha, mwanangu."

"Na huo uyoga wa kwenu huwa unaota angani?"

"Kitaalamu," alisema Hwayeon kabla hajajizuia, "uyoga unaweza kuota popote penye unyevu na mabaki ya..."

"Mwalimu Seok!"

Akaachia tawi. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Binti wa Bongchul alikuwa amesoma kwake, na siku ya kikao cha wazazi mwalimu alianza na neno hilohilo kabla ya kumweleza kwamba mtoto ana akili, ila anazihifadhi asije akazichakaza.

Bongchul alikuja mpaka chini ya jiwe, mundu mkononi, mkono mwingine kiunoni kama mtu aliyeshikwa na mgongo. Alikuwa anacheka mpaka kofia inatikisika.

"Mama wa Nyumba Kuu ya Pyo. Anaiba majani. Kwetu."

"Siibi. Nachukua sampuli."

"Mfuko mzima?"

"Sampuli ikiwa ndogo haiaminiki."

"Mwalimu, shuka, utaanguka halafu waseme nimekusukuma."

Alishuka. Akamweleza kisa, kwa kuwa hakuwa na uongo mwingine uliobaki. Alipofika kwenye "mimi ni mdudu?" Bongchul alilazimika kukaa chini. Alipopata pumzi alisema, "Chukua. Chukua yote. Wazee wa Pyo wale mikate yenye harufu ya Tak wasijue! Ningelipia kuona."

"Hutaona, na hutasema."

"Sitasema. Ila kuna bei."

Akamwonyesha kwa mundu. Nyuma ya misonobari lilikuwa kaburi lile, lenyewe. Nyasi zimefika magotini. Sikukuu imekaribia, makaburi yote ya bonde yamekatwa nyasi yakang'aa kama vichwa vilivyonyolewa, na la babu wa Tak limesimama na nywele timtim. Mgongo wa Bongchul ulikuwa umekataa kuinama tangu juzi. Wanawe walikuwa wamepiga simu kutoka Busan kusema barabara zina foleni.

"Bado hawajatoka nyumbani," alisema Bongchul, "lakini foleni wameshaiona." Akatazama pembeni. "Watu wenu wakipita pale chini watacheka."

Hwayeon alijua kwamba watacheka, kwa kuwa mwaka uliopita yeye mwenyewe alicheka. Aliutazama mfuko wake, akalitazama kaburi. Mama wa Nyumba Kuu kumkatia nyasi babu wa Tak! Marehemu mama mkwe angefufuka ili apate kuzimia. Lakini mtu aliyebeba jina la nyumba kwa miaka mingi anaufahamu uzito wake hata akiuona mgongoni kwa jirani.

"Lete mundu," alisema. "Na ugeukie huko."

"Kwa nini nigeuke?"

"Sitaki shahidi."

Alikata. Nyasi na majani makavu yaliruka, yakaingia kwenye kofia, kwenye kola, ndani ya mikono ya blauzi. Bongchul aliyegeuka hakugeuka sana. Alikuwa akielekeza. "Kushoto kidogo, Mwalimu. Hapo kwenye sikio lake." Mwishoni alimpa peasi na chai baridi ya shayiri, akasema, "Babu anashukuru. Anasema amekaa juu ya vichwa vyenu muda wote huo hajawahi kuletewa hata maji."

"Mwambie ashuke basi."

Hivyo ndivyo majani yalivyoingia. Na alipofika njiani, mfuko mgongoni, akakutana uso kwa uso na Malsuk aliyekuwa akitoka kuokota njugu za mwituni.

"Wifi!" Malsuk alisema, na macho yake yalipanda kilima, yakashuka, yakatulia kwenye nywele. "Kulikoni?"

"Upepo."

Hakuna jani lililokuwa likitikisika bonde zima.

"Nimeanguka," alisema Hwayeon.

"Pole sana, wifi. Umeanguka kwa mgongo au kwa kifua? Maana naona yako pande zote."

Hwayeon angeweza kufungua mfuko pale pale. Lakini kuufungua mfuko kulikuwa ni kumwambia Malsuk kuhusu mikate, na kumwambia Malsuk ni sawa na kumwambia kipaza sauti cha kijiji. Akasema "Kwaheri, wifi," akaendelea na safari, kichwa juu, majani yakidondoka nyuma yake.

Asubuhi ya sikukuu ukumbi ulijaa. Wazee wamevaa meupe, wageni wa koo nyingine wamekuja kutazama tambiko la Pyo linavyofanywa bila kosa. Wahenga walipokwisha kula sehemu yao, mikate ikagawiwa. Mzee Gyusik alichukua mmoja, akaunusa, akafumba macho mbele ya watu wote.

"Mnausikia?" alisema. "Huyu ni Babu. Kuna uchungu fulani kwa mbali, halafu utamu. Mti mwingine hauna. Hata wa kilima cha pili hapo hauna." Akampa mgeni mmoja anuse. Mgeni akakubali kwamba hajawahi kunusa kitu kama hicho. Hwayeon aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua, na watu walisema tazama jinsi mjane yule alivyo na haya.

Siku chache baadaye alituma vifurushi viwili kwa posta, kimoja cha majani ya Babu na kimoja cha majani ya Tak, kwenda kwa Seolah, mwanafunzi wake wa zamani aliye katika maabara ya chuo kikuu. Seolah alikuwa katikati ya utafiti juu ya msonobari mwekundu: umeundwa na nini, una nguvu gani ya kuzuia kutu ya mwili, na je, ni salama kwa mlaji. Huyu alikuwa msichana aliyewahi kuunguza nyusi zake darasani. Hwayeon alimwamini kabisa.

Wakati huohuo, katika chumba cha wanawake cha ukumbi wa kijiji, Malsuk alikuwa akigawa karata kwenye blanketi.

"Mimi sisemi kitu," alisema. "Ni wifi yangu, nitasema nini? Nasema tu majani yalikuwa hapa, na hapa." Pa! Karata chini. "Na hapa."

"Hapo pia?"

"Hapo pia, dada. Na anatoka kwa nani? Mjane. Wa Tak!" Pa! "Kaka yangu huko aliko anaona yote, nami ndiye nalia."

"Lakini Bongchul si mgongo unamsumbua?"

"Sasa unajiuliza umeumia vipi."

Kicheko kilikuwa bado kinaendelea Hwayeon alipofungua mlango na sahani ya mikate iliyobaki. Ghafla wote wakagundua jinsi hali ya hewa ilivyo nzuri. Jioni ile mwanawe alipiga simu kutoka Seoul. "Mama, shangazi anauliza nitavaa nini kwenye harusi yako."

Likaitishwa baraza la ukoo. Malsuk alikwisha kuwaambia wazee kwamba ufunguo wa ghala hauwezi kuning'inia kwenye kiuno kinachopanda kilima cha Tak, na wawili watatu walianza kuitikia kwa vichwa. Hwayeon alilijua jambo lilivyo. Akinyamaza, ufunguo unakwenda, na jina lake linakwenda nao. Akisema, Mzee Gyusik, aliyefumba macho mbele ya koo zote akaunusa mti wa Tak na kuuita Babu, atachekwa mpaka mkoa wa pili, na jina litakaloanguka ni la nyumba nzima. Aliupima uzito huo siku kadhaa, kama alivyokuwa akipima chumvi kwenye mizani ya shule. Mwisho akaona kuna njia ya tatu: asiseme yeye, iseme pua.

Aliingia barazani na bakuli mbili za maji ya moto, kila moja na majani yake yamelowekwa.

"Tumekuja kusikia maelezo, si kunywa chai," alisema Malsuk.

"Haya hayanywewi. Yananuswa tu. Wazee wangu, moja ni ya Babu. Nyingine ni ya mti mwingine. Kabla hamjaniuliza lolote, naomba mniambie ya Babu ni ipi."

Hakuna mzee wa Pyo anayeweza kukataa swali kama hilo. Mzee Gyusik alinusa ya kushoto, akakunja uso. Alinusa ya kulia, akatabasamu kama aliyekutana na ndugu.

"Hii."

Bakuli zikazunguka. Wazee wote, mmoja baada ya mwingine, walisema ni ya kulia, wengine kabla pua haijafika.

Hwayeon akatoa chupa ya iodini, ile ya kupaka vidonda, akadondosha kidogo katika glasi mbili za maji yakawa na rangi ya kahawia. Akamimina maji ya bakuli ya kulia katika glasi moja. Rangi ikatoweka, maji yakatakata. Wazee wakasema "Aa!"

"Hicho ndicho kinachozuia kutu," alisema.

"Nguvu ya Babu hiyo!" alisema Mzee Gyusik.

Akamimina ya kushoto katika glasi ya pili. Nayo ikatakata vilevile. "Aa" ya mara hii ilikuwa ndogo.

Ndipo akampigia Seolah, akafungua sauti ya simu. "Mwanangu, waambie wazee ulichokiona katika vifurushi vile."

"Shikamooni, wazee wangu," ilisema simu. "Mafuta ya harufu ni yaleyale. Nguvu ya kuzuia kutu inakaribiana. Kifurushi cha pili kimezidi kidogo. Ila cha kwanza, mwalimu, kina dawa ya wadudu. Msije mkakila. Hasa watoto."

"Cha kwanza kilitoka wapi?"

"Kimeandikwa 'Babu'. Na cha pili kimeandikwa 'Tak'."

Hwayeon akaigusa bakuli ya kushoto, akasema, "Hii ndiyo ya Babu." Mzee Gyusik aliitazama bakuli ya kulia, ile aliyoitambua kama ndugu. Uso wake ulipita rangi kadhaa, na ya mwisho haikuwa ya hasira. Alikuwa amewakumbuka wajukuu zake, waliokula mikate ile mpaka wakaramba vidole.

"Mkwe," alisema polepole. "Siku ya sikukuu. Tulikula majani ya wapi?"

"Ya kulia, baba mdogo."

"Kumbe hukwenda kule kwa..."

"Nilikwenda kuchuma. Kuchuma kunaingiza majani nyweleni. Mwenye shaka apande jiwe lile achume mfuko mmoja, kisha tumtazame."

Hakuna aliyemtazama Malsuk, ambayo ndiyo namna mbaya zaidi ya kutazamwa.

Sasa yaja maelezo ya Mzee Gyusik, kamili, kama alivyotaka. Alisema hivi: "Msonobari huzaa kwa upepo. Upepo wa Darakgol unatoka magharibi. Babu yuko magharibi. Kilima cha Tak kiko mashariki. Kwa hiyo kila mti wa kilima kile ni mtoto au mjukuu wa Babu, umezaliwa huko kwa bahati mbaya. Pua yangu haikukosea. Ilitambua damu." Wazee wakajipiga mapajani kwa furaha, wakasema hilo liko wazi, wakashangaa kwamba hakuna aliyeliona mapema. Ikaamuliwa kwamba mpaka kibati cha njano kitakapotolewa, majani yatachumwa kwa wajukuu. Ikaamuliwa pia kwamba ufunguo ubaki ulipo.

Bongchul alipofikiwa na habari alituma ujumbe kwamba upepo wa usiku hutoka mashariki. Wazee hawakuujibu.

Mngedhani yameisha. Lakini theluji ya kwanza ilianguka, sikukuu ya mavuno iko mbali upande wa nyuma na wa mbele, na Malsuk akiwa anaosha vyombo kisimani alimwona wifi yake anashuka kutoka kilima cha Tak. Safari hii hakuvaa kofia pana wala miwani. Mkononi alikuwa na peasi moja, kubwa, imefungwa kwa karatasi vizuri.

"Wifi!" aliita Malsuk, na furaha ilimjaa mpaka sahani ikamponyoka. "Umetoka wapi?"

"Kuchuma majani."

"Majani kwenye theluji?"

"Msonobari haupukutishi, wifi. Hilo hata watoto wanalijua."

"Yako wapi sasa hayo majani?"

Hwayeon aliutazama mkono wake usio na kitu, kisha ule wenye peasi.

"Nimeyanusa nikayaacha palepale. Hayakufaa."

"Na hiyo peasi?"

"Sampuli."

"Na kule juu mlizungumza nini?"

"Mipaka. Kuna kesi."

"Wifi yangu, mimi ni ndugu yako. Niambie mimi tu. Nitakufa nayo."

Hwayeon alisimama. Aliupapasa ufunguo kiunoni, akakung'uta theluji begani, ambako, kwa haki kabisa, palikuwa na jani moja jembamba la kijani. Alilitoa, akalitazama, akalitia mfukoni.

"Suuza sahani, Malsuk," alisema. "Mengine sisemi. Si leo, si kesho, wala si kwa wahenga wakiniuliza."